Dochka na Tangazo la Mama

Nikiwa msichana mdogo, Dochka ndiye aliyekuwa mtangazaji wa kijiji chetu, huku milimani juu ya mji wa Vratsa. Kipaza sauti kilifungwa kwenye nguzo mbele ya duka la ushirika, na kwa sauti yake tukajua maji yanakatwa lini na nani amefariki. Hakuna aliyewahi kumuuliza amejuaje. Serikali ya kikomunisti ya wakati ule ikaondoka, kipaza sauti kikaota kutu, vijana wakaenda kutafuta kazi Uhispania na Italia. Dochka akanunua simu, akafungua kundi la kijiji, wote wakaingia humo, waliobaki na walioondoka. Wakaendelea kumwamini vilevile.

Mimi sikusoma. Nilikamua ng'ombe wa ushirika, kisha wangu, na mwishoni kazi yangu ikawa kumgeuza mama kitandani. Mdogo wangu Lazar yuko Uhispania anafungasha machungwa. Mama alikuwa na ombi moja tu, Lazar asikose kumtia udongo. Nilimwahidi.

Mama akafariki alfajiri. Kwetu maiti hulala nyumbani usiku mmoja tu, kwa hiyo nilikimbilia mjini kuchapisha tangazo la kifo, picha yake na msalaba mweusi juu. Nikabandika moja mlangoni na moja kwenye nguzo, nikalipiga picha, nikalituma kwenye kundi. Kisha nikampigia Lazar. Hakupokea. Nikapiga tena na tena mpaka giza likaingia.

Nilichemsha ngano ya marehemu, ambayo kwetu hugawiwa waombolezaji, sufuria nzima. Kesho yake makaburini tulikuwa mimi, padri, wachimbaji na vikongwe wawili wasio na simu. Ngano iliyobaki nikawamwagia kuku.

Lazar alipiga wiki ile ile kwa simu ya mwenzake.

"Dada, simu yako imeshapona?"

"Imeumwa lini? Mama tumemzika, Lazar!"

Hapo akanisomea ujumbe ambao Dochka aliwatumia watu asubuhi ile ile ya msiba, nami sikuuona kwa shughuli za mazishi: "Ndugu zangu, hatari! Kuna picha inazunguka ya tangazo la kifo lenye msalaba mweusi. Ni kirusi. Ukiifungua, simu inakufa na hela zako za benki zinakwenda. Aliyekutumia atakupigia, usipokee. Polisi wamethibitisha. Watumie wote."

"Nikaifuta bila kuifungua. Ulipopiga nikaogopa."

"Ukamwogopa dada yako."

"Niliogopa simu, dada," akasema, akalia.

Nilivuka barabara. Dochka alikuwa uani anachoma pilipili hoho.

"Karibu, mdogo wangu. Pole sana. Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Mkanifuta."

"Tsona, mambo haya ya kirusi wewe huyajui. Mimi nililetewa na mtu wa uhakika."

"Nani?"

"Binamu yangu wa Varna."

"Na yeye kaletewa na nani?"

"Iliandikwa pale, polisi wamethibitisha."

"Polisi gani? Wa wapi? Uliwauliza?"

Akazigeuza pilipili zake. "Bora kujihadhari," akasema.

"Nipigie."

"Nini?"

"Shika simu yako, nipigie sasa hivi."

Akabonyeza. Simu yangu ikalia ndani ya aproni.

"Basi. Hiyo ndiyo kazi iliyokushinda. Unaliona dirisha la mama kutoka hapa ulipokaa, na bado ulishindwa kuniuliza, Tsona, hii picha ni yako?"

Akawa mwekundu kuliko pilipili. Akaapa ataandika kwenye kundi kwamba alikosea. Hakuandika. Siku iliyofuata alituma onyo kwamba matikiti maji ya dukani yanadungwa sindano za sumu.

Lazar alikuja siku ya arobaini. Aliutia udongo wake juu ya kaburi lililokwisha kuota majani. Alijua amechelewa.

Siku ya arobaini kwetu huchapishwa tangazo jipya. Nilichapisha mengi. Nikapika gundi ya unga wa ngano, nikaenda na Lazar, tukaanza kubandika kwenye lango la Dochka, mama kando ya mama, juu mpaka chini. Akatoka na ndara zake mbio.

"Tsona! Umerukwa na akili? Watu wakipita watadhani nyumbani kwangu kuna msiba!"

"Waache wakupigie wakuulize," nikamwambia, nikapaka gundi kwenye kona ya mwisho.