Jina Jipya la Mama Editha

Siku ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Msajili wa wilaya, mzee mkali aliyevaa sweta hata kwenye jua la saa sita, alinikalisha kwenye kona na kunipa madaftari mawili niyasome: la vizazi na la vifo. Yote yalikuwa na jalada la kijani na ukubwa mmoja. Nilisoma siku nne mpaka macho yakauma, nikaanza kujiuliza kama nimeajiriwa au nimefungwa.

Siku ya tano alinifundisha jambo ambalo ninyi wa kompyuta hamlijui. Jina likishaandikwa daftarini halifutwi. Mzazi akibadili jina kisheria, karani hupiga mstari mmoja mwembamba juu ya lile la zamani, liendelee kusomeka, kisha huandika jipya ukingoni na kutia saini. Hayo tuliyaita maelezo ya pembeni. Ndipo mtoto hutolewa cheti kipya.

Nilianzia Nkasi, nikakaa Chala miaka kadhaa, nikahamishiwa Sumbawanga mjini nikiwa karani mwandamizi mwenye kiburi kidogo. Sikuwahi kukosea, na nilipenda watu walijue hilo. Ndipo akaja mama mmoja kutoka Kate na binti yake wa miaka sita, Editha.

Mama huyo alikuwa akiitwa Leokadia. Lilikuwa jina la shangazi yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, maana kwao mtoto hurithi jina la marehemu wa ukoo. Alishalibadili kwa wakili, hati ya kubadili jina alikuwa nayo, imesajiliwa, na sasa aliitwa Anastazia. Kilichobaki ni cheti cha Editha, ambacho bado kilimtaja mama kwa jina la zamani. Nilimuuliza sababu ya kubadili, kwa mazoea tu. Alinieleza bila kuinua macho kwamba tangu mtoto ajue kusema, huacha anachofanya, mchana kweupe, akaenda mlangoni na kumjibu mtu asiyeonekana. Mtu huyo humwita mama yake, Leokadia. Mtoto humjibu kwamba mama yuko shambani, au mama anapika.

"Siku hizi anamwambia Editha amsindikize," alisema. "Juzi nimemkuta ameshavuka mto. Baba, nitolee hilo jina kwa mtoto."

Aliomba pia alione jina la shangazi katika daftari la vifo. Nikalifungua mezani kando ya lile la vizazi, akalitazama muda mrefu. Kisha nikaandika maelezo ya pembeni, nikatia saini, nikampa cheti kipya. Nilimwambia aende kwa amani, mambo yamekwisha.

Baada ya wiki mbili walirudi. Mama alikuwa amekonda, akasahau hata kunisalimia.

"Sasa anaita Anastazia," alisema.

Nilitaka kumtuliza, nikafungua daftari la vizazi nimwonyeshe. Ukingo ulikuwa mtupu. Jasho lilinitoka, na ilikuwa mwezi wa saba, mnaijua baridi ya huku kwetu. Nikafungua la vifo. Pale, kando ya jina la marehemu, kwa mwandiko wangu mzuri na saini yangu, nilikuwa nimeandika kwamba Leokadia sasa anajulikana kwa jina la Anastazia. Nilikuwa nimempa marehemu jina jipya.

Msajili wa wakati huo, mama mpole, aliangalia pamoja nami, akaniagiza nipige mstari na kuandika mahali panapostahili. Nilifanya hivyo. Mama Editha aliuliza kama lile la kule haliwezi kuondolewa kabisa, nikamjibu haiwezekani. Aibu ya siku ile sijawahi kuiona tena.

Editha alikuwa amesimama mlangoni, amegeukia korido ambayo haikuwa na mtu. Alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, kisha akanijia.

"Shikamoo babu. Anauliza aliyeandika anaitwa nani."

Ningeweza kunyamaza. Mama yake alinitazama, hakuniomba kitu. Niliogopa, lakini kosa lilikuwa langu na mtoto hakuwa na lake. Nikamwambia majina yangu yote matatu, polepole, kama nilivyozoea watu wanitajie mimi. Akarudi mlangoni na kuyasema kwa yule aliyeuliza.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Mama Editha akija mjini hupita nyumbani kwangu Mazwi kunijulia hali. Mtoto yuko darasa la tatu, anafanya vizuri, na hajaitwa tena. Nafurahi, nasema kweli. Vijana wa ofisini wakinitembelea nawaambia wafunge daftari moja kabla ya kufungua lingine. Wanacheka, wanasema mzee, siku hizi ni kubonyeza tu.

Asubuhi mke wangu akienda sokoni nabaki nyumbani peke yangu. Inapata saa nne hivi. Sauti ya mwanamke, wala si ya ukali, inanitaja kutoka uani, majina yote matatu, na kuniomba nimsindikize. Sijawahi kuitika, ila jana nilijikuta nimeshavaa viatu.