Nilivyopeleka Ng'ombe wa Masomo Kharumwa

Sababu ya safari yangu ilitajwa mbele ya watu, siku ya kunyoa nywele, baada ya kumzika baba yetu, Mzee Masunga. Kwetu, upande wa Isaka, siku hiyo msemaji wa ukoo husimama akauliza nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye. Likatajwa debe la mtama, likatajwa jembe, na mtu mmoja akakiri kwamba anadaiwa mbuzi, kisha akaongeza haraka kuwa mbuzi mwenyewe alishakufa. Ndipo shangazi, dada yake baba, aliposema, "Yuko ng'ombe wa Kharumwa."

Ng'ombe huyo alijulikana. Alikuwa mtamba ambaye baba alipewa na rafiki yake ili amuuze, pacha wangu Kulwa apate kwenda Ulaya kusomea udaktari wa mifugo. Serikali ilitoa ndege. Treni, sanduku, viatu na koti vilitoka zizini. Baba aliahidi kwamba Kulwa akipata mshahara wa kwanza, atarudishwa ng'ombe mwenye ndama ubavuni. Kulwa amepata mshahara miaka mingi sasa, ila anaupatia hukohuko. Alipokumbushwa, alijibu kuwa naye analipa mkopo wa masomo ya nyongeza aliyosoma kule, na benki ya kule haina subira kama watu wa Kharumwa.

"Basi aandikiwe tena," alisema mtu mmoja.

"Aandikiwe nini? Kulwa na Doto ni tumbo moja," shangazi akajibu. "Na Doto si huyu hapa amekaa anatutazama?"

Doto ni mimi. Ng'ombe niliweza kumtoa. Lililoniuma ni jambo jingine. Wiki ileile ya msiba mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, nami nilitaka apewe jina la baba. Wazee walikataa. Walisema mtoto havikwi jina lenye deni. Kwanza mwenye ng'ombe atamke kwa kinywa chake kuwa Masunga hadaiwi. Hivyo mtoto akawa anaitwa Mtoto, na mama yake kila alipomwita hivyo alinitazama mimi. Nilimchagua ng'ombe wetu mwekundu, mwenye ndama jike, nikafunga unga na chumvi kwenye kitambaa.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia ofisini kuomba kibali cha kupitisha mifugo. Karani aliuliza kama ng'ombe ni wa kuuza.

"Ni wa kulipa deni la masomo," nilisema.

"Nani alisoma?"

"Ndugu yangu. Udaktari wa mifugo."

Karani akafurahi, akaweka kalamu chini. "Yuko wapi? Josho letu halina dawa, bwana mifugo hana petroli, na kupe wametujaa."

"Yuko Ulaya."

"Huko wana kupe?"

"Sijui. Yeye anatibu mbwa."

Alinitazama kwa muda, kuona kama ninamtania. Nilikuwa na nywele zilizonyolewa za msiba, na mtu wa namna hiyo hatanii. Akagonga muhuri. Kibali kilisema ng'ombe wameogeshwa. Nilimwambia hawajaogeshwa. "Najua," alisema, "lakini muhuri wa hawajaogeshwa hatuna."

Kahama nilifika nimechoka, ndama akiwa amechoka zaidi. Nililala kwa Mzee Salum, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua ngozi kwa baba. Alinipa pole, akamsomea marehemu dua, ingawa baba hakuwa Mwislamu wala hakuwa Mkristo. Mkewe, Bi. Zainabu, alileta wali na kuomba radhi kwa chai isiyo na sukari, maana miaka ile sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Nikawaonyesha picha aliyotuma Kulwa: amesimama na mbwa aliyevaa koti.

"Subhanallah! Koti la mbwa?" alisema Bi. Zainabu. "Na vifungo vinne!"

"Baridi, mke wangu," Mzee Salum alisema. "Usicheke baridi ya watu." Kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, akaniomba msamaha kwa sababu ya msiba. Nilimwambia baba naye aliicheka picha hiyo. Sikumwambia kwamba baada ya kucheka aliigeuza, ikakaa imelalia uso hadi alipokufa.

Toka Kahama njia inaelekea kaskazini magharibi, mashamba ya pamba yanapungua, miti ya miyombo inaongezeka, na mbele, upande wa Bulyanhulu, unaanza kukuta mashimo. Wachimbaji huyaita maduara. Mtu anaingia mweusi anatoka mweupe kwa vumbi la mawe, na kila mmoja atakuapia kwamba dhahabu yake iko mita moja tu chini ya pale alipofika. Nilipita na ng'ombe wangu katikati ya vibanda, na hapo ndipo mchimbaji mmoja aliporuka kutoka kwenye benchi la pombe.

"Kulwa! Daktari Kulwa! Jamani, huyu nimesoma naye!"

"Mimi ni Doto," nilisema.

"Umesikia hiyo?" akawaambia wenzake. "Wasomi wa kweli hawajitangazi."

Kabla sijafika mbali waliniletea mama mmoja, mwenye kambi ya chakula, na ndama wake amebebwa na wanaume wawili. Ndama huyo alikuwa hajasimama tangu juzi. Wakamlaza miguuni pangu, ng'ombe aliyemzaa akiwafuata nyuma.

"Mama, mimi si daktari," nilimwambia. "Daktari ni pacha wangu. Mimi nilifika darasa la nne."

"Sawa, baba. Mguse tu."

"Nikimgusa nitakuwa nimewadanganya."

"Basi usimguse, mtazame."

Nilimtazama, maana kutazama si uongo. Nilikuwa bado naeleza jinsi Kulwa alivyotangulia kuzaliwa na mimi nikafuata, jinsi shule ilivyokuwa na nafasi ya mmoja, ndama akajikung'uta, akasimama, akaenda kwa yule ng'ombe mama yake kunyonya. Mpaka leo sijui alikuwa anaumwa nini. Kelele zilizopigwa pale zilitoa watu kwenye maduara. Nilikataa kuku waliyenipa. Kadiri nilivyokataa ndivyo sifa zilivyozidi, hata nikaona afadhali niondoke haraka kabla sijaponya kingine. Njiani niliwaza kwamba Kulwa amesoma miaka yote ile, na ng'ombe pekee aliyepona kwa jina lake huku nyumbani amepona yeye mwenyewe hayupo.

Kharumwa niliingia mchana, jua likiwa juu ya paa. Rafiki wa baba alikuwa ameshafariki. Mwenye kudai sasa alikuwa mjane wake, Mama Kabula. Nilimkuta anapepeta mtama. Alininyanyulia macho, ungo ukasimama hewani.

"Umerudi, mla mitamba?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni Doto."

"Marahaba. Kulwa, Doto, hayo mtapangana na mama yenu. Kwangu uso wa mdaiwa ni mmoja." Kisha akaona kichwa changu kilichonyolewa, sauti ikashuka. "Nani?"

"Baba."

Alikaa chini palepale kwenye makapi, akalia kidogo, kwa haki. Alipomaliza akajifuta kwa khanga, akamtazama ng'ombe. "Mmoja tu?"

Wakaitwa majirani, kwa kuwa kwa Wasukuma ng'ombe hahesabiwi peke yake. Huhesabiwa na wale ambao angezaa. Jirani mmoja, mzee mfupi aitwaye Ngasa, alipanga vijiti chini. Mtamba angezaa, binti zake wangezaa, wajukuu wangezaa. Vijiti vikaendelea hadi nikaona zizi letu lote limelala mavumbini. Nikasema kimoyomoyo, Mtoto ataota ndevu akiitwa Mtoto.

"Sasa tutoe waliokufa," alisema Ngasa. "Mwaka wa ndigana, ile homa ya kupe, ulibakiwa na wangapi, Mama Kabula?"

"Hata mmoja. Unajua mwenyewe."

"Na hawa wa vijitini wangekuwa wapi?"

"Kwenye zizi hilohilo."

Ngasa akafagia vijiti vyote kwa kiganja. "Basi wamekufa. Kama Kulwa angerudi na sindano yake, wangepona, na huyu leo angedaiwa zizi zima. Kwa kuwa hakurudi, anadaiwa walioahidiwa tu. Ng'ombe na ndama."

Watu walicheka, na mimi nilishindwa kujua nimsikitikie nani. Ndugu yangu alikuwa amenipunguzia deni kwa kutokuwepo. Ilibaki Mama Kabula atamke neno, niondoke. Badala yake aliuliza, "Huko aliko anatibu ng'ombe wa aina gani?"

Ningeweza kusema wakubwa, wenye maziwa mengi. Watu wote walikuwa tayari kuamini.

"Anatibu mbwa, mama."

"Mbwa wa kuchunga?"

"Hawachungi."

"Wa kuwinda?"

"Hawawindi. Wanakaa ndani na wenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Kabula aliinuka, akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Ngasa aliniambia polepole, "Ungemjibu hujui, bwana." Nilimwambia najua. Ndama alikuwa ananyonya, na nilijiandaa kurudi naye.

Alitoka na kibuyu cha maji. Akayachukua mdomoni, akampulizia ng'ombe mgongoni, akampulizia ndama, kama wanavyopokelewa mifugo. Kisha akasema kwa sauti, majirani wote wasikie:

"Masunga aliniahidi ng'ombe na ndama. Nimewapokea. Masunga hadaiwi hapa." Nilipopiga magoti kumshukuru, akaninyooshea kidole. "Subiri. La baba yako limekwisha. La Kulwa bado. Mume wangu hakutoa mtamba ili arudishiwe mtamba. Mtamba alikuwa naye. Alitaka daktari. Mwambie namdai yeye mwenyewe, na riba simtozi."

"Wabeja, mayu," nilisema. Ahsante, mama.

Kurudi ni rahisi kuliko kwenda, mikono ikiwa mitupu. Bulyanhulu niliizunguka kwa mbali nisije nikaonekana. Nyumbani wazee walinisikiliza, wakauliza maneno yenyewe aliyosema mjane, nikayasema yote, hata ya Kulwa. Walikubali ya baba. Ya Kulwa wakayaacha kando, kama watu wanaoona mzigo usio na kamba ya kuubebea. Kulwa nilimfikishia. Alijibu kwamba amelia sana, na kwamba nauli ni ghali.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani deni la masomo ni ng'ombe, kwa hiyo nikachukua fimbo nikamswaga mpaka Kharumwa. Ng'ombe hufika. Lakini mtu huwezi kumswaga, na bado naye anadaiwa.

Ila siku moja, mvua zimeanza, nilikuwa natengeneza mlango wa zizi niliposikia mke wangu anafoka uani: "Wewe Masunga! Tema huo udongo! Masunga, nitakuchapa!" Tangu mazishi, hata baada ya mtoto kupewa, jina hilo lilikuwa likitajwa kwa kunong'ona tu. Niliacha kazi, nikasimama nisikilize vizuri anavyogombezwa.