Hali ni Tete: Miaka Yangu ya Kuchambua Vita Kutoka Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nje kabla sijaonyeshwa kiti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mjini Busia, upande wa Uganda, juu ya duka la mabati, na dirisha lake lilitazama foleni ya malori yanayosubiri forodha. Mkuu wa Ofisi alikuwa bwana mfupi aliyefunga tai hata jua linapochoma. Aliniambia kuna lori la nyanya limepinduka karibu na soko, nikalete habari. Nilikwenda mbio, nikarudi na nyanya hadi kwenye soksi, nikaandika: "Ajali mbaya imetokea leo."

Mkuu akasoma, akavua miwani.

"Nafula, ajali nzuri umewahi kuiona wapi?"

"Sijaiona, Mzee."

"Basi hilo neno 'mbaya' linatusaidia nini? Rudi ukaulize nani ameumia."

Hakuna aliyekuwa ameumia. Dereva nilimkuta ameketi kando ya barabara, anakula nyanya na kuwatazama watu waliokuwa wakimwokotea mzigo na kwenda nao nyumbani kwao. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika uandishi wa redio, na ninyi vijana mnaorusha habari kwa simu kabla vumbi halijatua, naomba mnivumilie nikiwaeleza jinsi sisi tulivyokuwa tukihangaishwa.

Nilipozoea Busia nikahamishiwa kituo kikuu cha redio yetu, Tororo, chini ya ule mwamba ambao kila mgeni lazima aupige picha. Huko nikawekwa kwenye meza ya uchambuzi. Habari inasema nini kimetokea. Maoni yanasema wewe unafikiri nini. Uchambuzi umekaa katikati yao kama mtoto wa mitala: unaeleza kwa nini jambo limetokea na lina maana gani kwa anayesikiliza, lakini moyo wako unauacha nyumbani.

Mkubwa wangu huko alikuwa Mhariri Mkuu, mama mrefu kutoka upande wa Kenya, aliyefundisha Kiswahili sekondari kabla ya kuja redioni. Alikuwa na sauti ndogo sana, hata ilibidi tunyamaze wote ili tusikie tunavyogombezwa.

Wakati huo vita vilikuwa vimewaka katika nchi jirani upande wa magharibi, na vita hivyo vilituhusu. Malori yanayotoka bandarini hupita kwetu Busia, yanavuka Uganda nzima, yanaingia huko. Madereva wengi ni watoto wetu na waume zetu. Kila Jumamosi nilisoma uchambuzi wangu hewani, na kila Ijumaa Mhariri Mkuu aliuchinja kwa kalamu nyekundu, akifuata kijitabu tulichokiita Mwongozo.

Mwongozo ulikuwa na wivu kuliko mume wa pili. Usiseme "waasi", usiseme "magaidi", usiseme "wakombozi"; sema "wapiganaji". Usiseme mtu "amedai", kwa sababu unamfanya aonekane mwongo, sema "amesema". Neno "inasemekana" lilikatazwa kabisa. Siku nilipojaribu kulipitisha, aliniuliza, "Inasemekana na nani? Kama ni jirani yako wa huko kwenu Dabani, mlete hapa tumsikie." Kila jambo la uwanja wa vita lilihitaji vyanzo viwili, maana yake watu wawili walioliona wenyewe na ambao hawakukaa pamoja kupanga maneno. Utabiri ulikuwa marufuku. "Sisi si waganga," alisema.

Mara moja niliandika kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Nilijisikia nimeandika jambo zito. Akalikata.

"Nyasi ni nani?"

"Ni wananchi, Madam."

"Basi wananchi wana vijiji. Andika vijiji."

Nilitumia siku nzima kwenye simu nikitafuta majina ya vijiji. Sikuwahi tena kuwaita watu nyasi.

Sasa niwaeleze habari ya "tete". Neno hilo Mwongozo ulilikubali, kwa sababu redio zote kubwa zililitumia. Mapigano yalipokaribia mpaka ambapo malori yetu huvukia, niliandika: "Hali katika barabara kuu ni tete." Mhariri Mkuu hakuligusa. Aliniambia ni neno safi, maana yake kitu kilicho chepesi kuvunjika. Nilitembea siku hiyo kama bibi harusi.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya Busia.

"Dada, nyinyi mumetangaza ugonjwa gani?"

"Hatujatangaza ugonjwa."

"Hapa iko madereva wamejaa mpaka nje. Wanataka sindano ya tetekuwanga. Wanasema redio imesema iko barabarani."

Kabla sijamaliza kumweleza, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke mwenye kitenge kilichojaa vumbi la safari. Jina lake Nekesa, wa kwetu Dabani. Mumewe, Wandera, alikuwa na trela la saruji, ameegesha katika mji wa mwisho kabla ya mpaka wa magharibi.

"Tajiri anasema kesho asubuhi avuke," Nekesa alisema. "Yeye ananiambia, 'Mama, redio ikisema iko sawa, nitavuka.' Mimi nasikiliza redio. Nyinyi nasema hali ni tete. Tete ni nini? Bwana yangu anapita ama hapiti?"

Nilimtazama Mhariri Mkuu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, na amesikia yote, pamoja na ya muuguzi.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "sisi hatumwambii mtu apite au asipite."

"Sasa redio ni ya nini?"

 Mhariri Mkuu akavuta kiti, akamkaribisha Nekesa akae, akaagiza chai. Kisha akanigeukia. "Nafula, kwenye barabara hiyo kuna nini hasa?"

"Kuna daraja, ng'ambo tu ya mpaka."

"Basi tafuta daraja."

Nikaanza kupiga simu. Msemaji wa jeshi la huko alisema daraja liko mikononi mwao. Msemaji wa wapiganaji alisema daraja ni lao tangu wiki iliyopita, na akanishangaa kwa kuuliza. Nikampata padri ambaye kanisa lake linalitazama daraja hilo. Akasema haoni mtu yeyote juu yake, na mbao za katikati hazipo. Mwisho nikampata mama mchuuzi wa matunda aliyevuka siku hiyo. Alikuwa amepita majini, kikapu kichwani, kwa sababu ile ile: katikati ya daraja hakuna mbao. Padri hakumjua mchuuzi, na mchuuzi alikuwa Mlokole.

Tukaandika, na kila sentensi Mhariri Mkuu alimsomea Nekesa kwanza. Sentensi aliyoikunjia uso, tuliifuta. Mwishoni ikawa hivi: "Jeshi limesema linalishikilia daraja. Wapiganaji wamesema wanalishikilia wao. Watu wawili walio karibu, wasiojuana, wamesema katikati ya daraja hakuna mbao. Hatujui nani amezing'oa. Hatujui zitarudishwa lini."

Nekesa akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo asipite."

"Hatujasema asipite," alisema Mhariri Mkuu.

"Lakini mimi nimesikia."

"Umesikia. Hatujasema."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nifike Tororo, nikayaona meno ya Mhariri Mkuu.

Nilisoma maneno hayo katika taarifa ya jioni, nikiogopa kwamba padri haoni vizuri au mbao zimerudishwa wakati nakunywa chai. Wandera alisikiliza, akakataa kuvuka. Tajiri wake akamwita mwoga, akamtuma dereva mwingine. Huyo alifika darajani, akakuta pengo, na alipokuwa akijaribu kurudi nyuma risasi zikaanza kutoka pande zote mbili. Lori liliungua. Yeye alirudi kwa miguu akiwa na jeraha la bega, akamshukuru Mungu. Nilipopata habari hizo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Asubuhi baada ya taarifa ile, msemaji wa jeshi alipiga simu akifoka kwamba kuwaita adui "wapiganaji" ni kuwapa heshima. Hajakata, simu ya pili ikalia: msemaji wa wapiganaji, akifoka kwamba kuwaita "wapiganaji" ni kuwavunjia heshima. Mhariri Mkuu aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, akatoa kalamu nyekundu, akafungua Mwongozo na kulifuta neno "tete".

Nimestaafu sasa, niko Dabani na mihogo yangu. Mhariri Mkuu alinitangulia kustaafu, na amerudi kwao ng'ambo ya mpaka, Kenya. Vijana wanaoshika meza yangu nawasikiliza kila Jumamosi. Wana haraka, lakini juzi mmoja alisema hewani "hilo hatulijui," na nikampigia makofi peke yangu jikoni. Neno hilo ni gumu kulitamka kuliko yote niliyofundishwa.

Tatizo la kustaafu ni kwamba watu hawakubali umestaafu. Mwezi uliopita walinijia ndugu wawili, majirani zangu, ambao hawajasalimiana tangu msimu wa kupanda kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila mmoja alitaka niseme ana haki. Nikawasikiliza, mmoja mmoja, kisha nikawaweka pamoja na kuwaambia alichosema huyu, alichosema yule, kile ambacho majirani wawili wamekiona, na kile ambacho hakuna anayekijua kwa kuwa marehemu baba yao hakumwambia mtu.

"Sasa mwenye haki ni nani?" akauliza mkubwa.

"Hilo sikulisema."

Wakatazamana. Mdogo akasema, "Huyu mama hana msaada wowote." Mkubwa akasema, "Kabisa. Na ati alikuwa redioni." Wakainuka, wakashika njia ya mihogoni wakinisengenya kwa sauti, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia, hadi nikawasikia wanacheka.