Furukombe wa Kiambere

Siku yangu ya kwanza ndani ya mashua nilimchekesha Hamisi mpaka akazima injini. Maji yalikuwa yameingia, akanirushia kopo niyatoe. Nikabaki nimelishika, nikitafuta mtungi wa kuyatia. Kwetu Mutomo mtoto hufundishwa mapema kwamba maji hayamwagwi ovyo.

"Wewe mtu wa Mutomo!" akasema. "Mwaga! Ama unataka tuzame na akiba?"

Hamisi alikuwa Mwislamu wa Mwingi, dereva wa lori la idara yetu ya habari. Bwawa la Kiambere lilipojaa, wakubwa walimpa mashua, eti kwa sababu babu yake alitoka pwani. Mimi nilikuwa mpiga picha, nimezoea baraza za machifu Kitui na maonyesho ya ng'ombe Makueni. Ng'ombe husimama. Sasa Afisa wa Habari alitaka furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, akinyakua samaki majini.

Vijana, simu zenu zinawafanyia mengi. Sisi tulipiga picha kwa magoti. Huegemei ubavu wa mashua, maana mtetemo wa injini hupanda mpaka kwenye lenzi. Unasimama umelegeza magoti, viwiko vimebana mbavu, unamfuata ndege kwa kiuno, na huachi kugeuka hata ukishafyatua. Ukifanya hivyo ndege hutoka wazi na maji nyuma yake huwa mistari. Ulichopata hukukijua mpaka filamu isafishwe katika chumba cha giza.

Safari mbili nilirudi na ukungu mtupu. Afisa aliziinua picha dirishani.

"Hii ni ndege ama ni uji? Ukiniletea ingine kama hii, mashua inarudishwa, na Hamisi anarudi kwa lori. Tumeelewana?"

Tulielewana sana. Hamisi alikuwa ameyapenda yale maji kuliko mimi, na habari ya lori ilimnyima raha. Akawaza, kisha akaniambia kwamba mashua ikipanda wimbi, hufika mahali ikatulia kidogo kabla ya kushuka. Mimi, jicho kwenye kamera, nisingeweza kupaona. Yeye alipahisi kwa mkono wa usukani. Tukakubaliana atazima injini na kuniambia, nami nitafyatua bila kuuliza.

Furukombe alishuka asubuhi moja, makucha mbele. Nikamfuata. Kidole kiliniwasha, na Hamisi kimya! Nilitaka kumtukana. Kisha nikasikia, "Sasa!"

Picha ilitoka safi, hata magamba ya samaki yalionekana. Afisa aliitundika ofisini kwake, nasi tukaachiwa mashua mpaka nilipostaafu.

Nimerudi Mutomo, kwenye mbuzi na vumbi. Moyo bado unaitamani ile mashua, lakini ninayemlilia ni Hamisi. Alipofariki, mkewe, Mama Zuhura, alikuja kuniomba picha moja ya mumewe akiwa kazini. Nilipekua masanduku yote. Kulikuwa na ndege, mawimbi, viboko, wakubwa waliotembelea bwawa. Hamisi hakuwemo. Miaka yote hiyo alikuwa ameketi nyuma yangu.

Nikampa nakala ya ile picha ya furukombe. Akaitazama, akauliza:

"Na hapa yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameishikilia mashua, Mama Zuhura. Isitikisike."

Akapitisha kidole juu ya yule ndege, taratibu, kisha akaifunga picha ndani ya leso yake.

"Basi nimemwona," akasema.