Kitabu Changu Kilipotafuta Mjomba

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimewasha jiko nyumbani kwangu Thika, nichome riwaya yangu mwenyewe.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa wakala wa waandishi. Waliniletea miswada yao, nami nikaipeleka kwa wachapishaji Nairobi na kuipigia debe mpaka mhariri akubali. Miswada ya watu niliisifu bila aibu, wacha we! Nikiulizwa wangu, nakohoa: "Aa, ni kakitu tu nilijaribu." Nani atachapisha kakitu? Wachapishaji walinirudishia kila mara, hata nikakata tamaa.

Mjomba Kamande akanikuta pale jikoni. Alipojua ninachotaka kuchoma, alicheka hadi akashika ukuta.

"Kwani siku ya ruracio yako, wazee wakizungumza mahari, ulijisemea?"

"Hapana, mjomba! Nilikuwa nimefunikwa leso pamoja na wenzangu, kimya."

"Nani alikusemea?"

"Ni wewe."

"Nilikusifu vipi?"

"Mpaka nikajiuliza msichana huyo ni nani."

"Basi nenda ukatafutie hicho kitabu mjomba wake."

Wakala mwingine wa karibu niliyemjua alikuwa Halima wa Ruiru, na huyo tulikuwa tukinyang'anyana waandishi. Niliona haya kweli kweli. Lakini nilienda, nikamwekea muswada mezani, nikangoja anicheke.

Halima akavuta droo, akatoa muswada wake mwenyewe uliojaa vumbi. "Wallahi, dada, hata mimi wangu unanishinda kuusemea."

Tukabadilishana papo hapo. Siku ya kwenda kwa mhariri nilikaa kando nimefunga mdomo, naye Halima akakisifu kitabu changu mpaka nikatamani kukinunua. Kikakubaliwa! Baadaye chake nikakisemea mimi, nacho kikapita. Tulicheka njia nzima hadi Ruiru, watu wakatuona wazimu.

Kwa hivyo, mwanangu, kazi uliyoitolea jasho usiiite kakitu. Ikikushinda kuisemea, usiichome. Mpelekee mwenye kujua kusema, hata akiwa mshindani wako, na uulize droo yake imeficha nini. Mungu akupe Halima wako, na siku mwenzako atakapokosa sauti, wewe uwe Halima wake.