Waya Ukutani kwa Bibi

Mimi sikusema umeme ni shetani. Kaka yangu anageuza maneno yangu makusudi. Nilichomwambia jioni ile ni kwamba umeme ubaki juu kwenye taa, na redio ya bibi irudi kwenye mawe yake ya betri.

"Mawe yako wapi?" akaniuliza. "Barabara imekatika, maduka hayana. Au tumtume mke mwenzake bibi aende Lindi kwa miguu?"

Mke mwenza ni mimi. Bibi aliniita hivyo, na kaka akawa mume wake, utani wao wa siku zote.

Tulikaa watatu katika nyumba aliyopewa kaka kazini, karibu na bandari. Umeme ulikuwepo, lakini wa taa tu: balbu moja kila chumba, ukutani hakuna mahali pa kuchomeka kitu. Bibi tulimleta kutoka kijijini Kitaya macho yake yalipokwisha kabisa. Kutwa yuko na redio yake. Masika yale, mawe yakaadimika. Tukayaanika juani pamoja na muhogo, yakapata nguvu kidogo, kesho yake msomaji wa habari akawa kama ana mafua, halafu kimya. Bibi akaanza kuacha chakula.

Ndipo kaka akaleta redio ya umeme, ya Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Akatoa balbu chumbani kwa bibi, eti haoni, taa ya nini, akafunga waya palepale na kuushusha ukutani kwa misumari. Waya haukutosha. Akauunga na kipande kingine, kiungo akakizungushia kitambaa. Kikaangukia karibu na mlango, usawa wa kifua changu.

Sasa bibi alikuwa anatembea kwa ukuta. Kushikwa mkono hataki. Anatia udhu uani, anarudi ndani, kiganja kinateleza ukutani mpaka kitandani. Na hajifuti. Alifundishwa utotoni kwamba maji ya udhu yaachwe yakauke yenyewe. Kila swala, mikono inachuruzika, miguu mitupu kwenye sementi. Redio nayo haizimwi, maana ikizimwa inakaa kitambo ndipo izungumze tena, na bibi anadhani imekufa. Akiswali anapunguza sauti tu.

Shuleni tulifundishwa maji na umeme vikikutana inakuwaje. Nikamwambia kaka. "Mwalimu, tupumzishe," akasema.

Tangu hapo sikuwa na raha. Ikiadhiniwa tu, natega sikio uani. Nikisikia kata inagonga ndoo uani, naacha chochote nilichoshika, nakimbia kusimama mbele ya kile kiungo. Kiganja chake chenye maji kinanigusa tumbo, anacheka: "We mke mwenzangu, umekuwa nguzo?" Nacheka naye, sibanduki mpaka apite.

Magharibi ile nilikuwa nasonga ugali. Kata sikuisikia. Nilisikia "Aa!" moja fupi, basi. Sijui mwiko niliuacha wapi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anaukung'uta mkono.

"Waya wa mume wangu una siafu," akasema, tena anacheka.

Nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi, na vidole viwili vimejikunja, havinyooki. Kile kitambaa kilikuwa kimelowa.

Ndiyo tukafikia kugombana, mimi na kaka, bibi amekaa kitandani katikati yetu.

"Si mzima? Umeme umemgusa kidogo tu. Nitazungushia kitambaa kingine."

"Nacho kitalowa."

"Basi ajifute."

"Nimezeeka na udhu wangu," bibi akadakia. "Usinifundishe leo, mume wangu." Halafu akanigeukia, au alidhani ananigeukia, uso wake ukaelekea dirishani. "Na wewe usiniondolee watu wangu. Mkishatoka, mimi nizungumze na nani? Na ukuta?"

Nilimtazama kaka. Naye alikuwa anatazama vile vidole, kwa muda mrefu, kisha akainama akaongeza sauti ya redio.

Hapo nikaogopa kuliko mwanzo. Kumbe na yeye ameona.

Isha nilimpelekea bibi maji kitandani kwa beseni, akanung'unika lakini akatia udhu palepale. Nikasimama mlangoni mgongo umeziba kiungo, sikuugusa ukuta. Nikaamua. Alfajiri, kabla bibi hajashusha miguu, nazima swichi, nang'oa waya wote na misumari yake, narudisha balbu. Kaka akiuliza nani, namwambia ni mimi, anipige akitaka. Kisha nachukua kigoda nakaa na bibi, mimi nisiyejua kutulia mahali pamoja, nazungumza naye mpaka sauti inikauke, mpaka hiyo barabara ifunguke.