Kisanduku Chekundu cha Baba Neema

Aibu niliyoipata pale ghalani, mpaka leo nikiikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu jikoni, na ninaisimulia kwa sababu wenzangu mmeshaisikia vipande vipande kwa watu wengine, bora muisikie nzima kutoka kwangu.

Kazi yangu mnaijua. Nakagua ukavu wa mahindi pale Milanzi: gunia likishushwa nalichoma kwa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, punje zinamwagikia kiganjani, nauma moja, ikivunjika kwa mlio mkavu gunia linapita, ikibonyea chini ya jino linarudi kuanikwa. (Kipimo cha betri tunacho, ila kinaishi kabatini, kibovu.) Kazi hii ilikuwa ya marehemu mume wangu, Baba Neema, naye ndiye aliyenifundisha nilipokuwa kibarua wa kupepeta, na alipofariki nikawekwa mahali pake. Sasa mimi nina tabia moja, wala sikujua kama ni tabia: nikishauma punje namuuliza, "Baba Neema, hii unaionaje?" Nakaa kidogo, halafu nasema, "Haya, ipite." Kwa sauti ndogo, basi. (Simwoni wala simsikii, msije mkasema nimerukwa na akili, ni mdomo tu umezoea.)

Msimu huu akaja binti wa chuo kikuu, Upendo, anafanya utafiti wa namna kazi inavyotoka mkono hadi mkono mpaka inaisha, na namna akili mnemba inavyoweza kuona inapokwama. Alitutundikia vinasa sauti shingoni, akasema tufanye kazi kama kawaida, kompyuta itasikiliza yenyewe na kuichora njia yote. Akaniuliza, "Mama, kwenye kukagua kuna mtu mwingine unashirikiana naye?" Nikamjibu hakuna. Na kweli hakuna.

Siku ya majibu tulijazana ofisini, sisi wafanyakazi kwa nyuma, mbele meneja wetu mgeni aliyehamia juzi juzi kutoka Mbeya, pamoja na wakubwa wake. Ukutani ikamulikwa picha ya visanduku na mishale: kushusha, kuchoma, kuuma, halafu kimoja chekundu, kikubwa kuliko vyote, KUSUBIRI KIBALI CHA BABA NEEMA.

"Hapa ndipo mzigo unapokwama," alisema Upendo, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. "Hakuna aliyenitajia mtu huyu, kompyuta ndiyo imemgundua. Kila gunia linamsubiri yeye. Kisanduku hiki kikiondolewa, kazi itakwenda haraka."

Meneja akageuka. "Mama Neema, huyu Baba Neema ni nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Neno la kweli lilikuwa moja tu, lakini mbele ya wale wageni nikaliogopa, nikasema, "Leo hayupo."

Leo hayupo! Mimi ambaye kanisani wananipa sadaka niishike kwa sababu wanajua sisemi uongo.

"Huwa anakuja siku gani?"

Nikajifanya nakung'uta vumbi la mahindi kwenye khanga. Wafanyakazi wa zamani wakatazama miguu yao, na meneja akawaona. "Kumbe wote mnamjua! Mnaniingizia mtu ghalani, anakagua mahindi ya kampuni, hana hata ajira!"

Masanja, kijana mbeba magunia aliyeanza kazi karibuni na hakujua lolote, akaropoka kutoka mlangoni, "Bosi, kama anakagua vizuri, na yeye apewe koti la kazi!"

Wageni wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Meneja hakucheka. Akaagiza mlinzi aitwe, Mzee Kalisti, akaja na rungu lake mkononi akidhani kuna mwizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Niambie huyu Baba Neema anapitia wapi kuingia humu. Usiponiambia, leo ndiyo mwisho wako getini, wewe na huyu mama."

Mzee akanitazama mimi, akatazama ukutani, akavua kofia. "Baba Neema tulimzika Mpui, mwanangu. Jeneza nilibeba mimi, upande wa kichwani."

Upendo alijiziba mdomo. Masanja akatoka nje. Ikabidi nisimame nieleze, punje, bambo, maneno ninayoyasema, yote, na machozi ambayo sikuyatoa hata msibani yakanitoka pale mbele ya watu wenye tai. Meneja alimwomba radhi mzee kwanza, kisha mimi. Hakuna aliyefukuzwa.

Baadaye Upendo alinifuata nje, macho mekundu. "Mama, nisamehe. Picha itabandikwa ofisini. Kile kisanduku nikifute, au nikiache?"

Nikasema kifute, upesi upesi, kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Basi wenzangu, nimejiapia: nikiulizwa tena mume wangu yuko wapi, nitasema amekufa, palepale, hata wageni wawe nani, maana kwa kuliogopa neno moja nusura nimkoseshe kazi mzee wa watu, na nikamcheka marehemu wangu hadharani.

Picha mpya iko ukutani, mishale imenyooka. Siku hizi nauma punje, nanyamaza, gunia linapita. Meneja anasema sasa tunakwenda haraka. Ni kweli, tunakwenda haraka.